Kilo Tano za Shangazi

Kasha lilikuwa wazi juu ya meza. Ndani mlibaki mkanda wa kuvaa begani na harufu ya mbao kuukuu. Gitaa halikuwemo.

"Shangazi ameibiwa!" Mama Bendi alipiga kelele kwenye simu.

Koplo aliyepokea kule kituoni alikuwa mwepesi wa kalamu kuliko wa akili. Aliandika: mwanamke, ametoweka.

"Ana alama yoyote mwilini?"

"Ana pengo moja ubavuni na nyuzi sita!"

Inspekta alimpokonya simu kabla hajaliandika na hilo.

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, wote wawili walikuwa kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya nyumba ya Mama Bendi. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye magoti yanayolalamika na macho yasiyosahau. Alizunguka chumba mara moja. Dirisha lilikuwa na nondo. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Ngoma zilikuwepo, amplifaya zilikuwepo, spika ya besi, kubwa kama kabati la bibi harusi, ilikuwepo. Aliyekosekana ni Shangazi peke yake.

"Gitaa gani hili linaloitwa kama mtu?"

"La solo, afande. La umeme, la zamani, kifua kinene cha mti mgumu," Mama Bendi alisema huku akipenga kamasi. "Marehemu mume wangu alilipa jina hilo kwa sababu ni zito, lina sauti kubwa na halibishiwi. Na aliacha neno: anayembeba Shangazi ndiye mpiga solo. Asiyeweza, ampishe mwenzake. Neno hilo nimelishika mpaka leo."

"Na haraka yote hii ya nini?"

"Kesho saa tisa alasiri ni fainali ya mashindano ya bendi! Miaka kumi na moja tumeitafuta! Kesho!"

Hapo wanabendi wote waliojaa chumbani walilipuka. Kila mtu alisema lake kwa wakati mmoja, kama kuku walioona mwewe. Mpiga besi ndiye aliyewashinda kwa sauti.

"Hata besi yangu imepata mafua tangu asubuhi, afande! Inakoroma tu!"

"Sisi tumekuja kwa wizi," Koplo alimjibu. "Mafua yapeleke zahanati."

Inspekta aliinua mkono, wakanyamaza. Alianza na Fundi Gundi, mzee mkavu anayetengeneza vyombo vya bendi, mwenye kucha zilizoganda gundi tangu enzi za ujana wake.

"Jana jioni nani alifunga mlango?"

"Mimi."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na Mama Bendi."

"Kasha ulilifungua ukaangalia?"

"Lilikuwa limefungwa. Nani hufunua jeneza kuhakikisha marehemu bado yumo?"

"Kabla hujafunga, nani alikuwa ndani?"

"Sukari. Alikuwa anampangusa Shangazi, kama kila siku. Mimi nilikwenda bombani kunawa. Niliporudi alikuwa amemaliza. Tukatoka pamoja, mikono mitupu."

Sukari ndiye mpiga solo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, na jina hilo alilipata kwa utamu wa vidole vyake.

"Naambiwa wiki iliyopita ulisema mbele ya watu kwamba Shangazi astaafu," Inspekta aliendelea. "Kwa nini?"

Fundi Gundi alizitazama kucha zake.

"Niulize jingine, mwanangu."

"Nakuuliza hilo hilo."

"Basi tuagize viti, tutakaa sana."

Koplo alishatoa pingu. "Ufunguo anao, chuki anayo, jibu hana. Afande, unataka nini tena?"

Inspekta hakupenda, lakini hakuwa na la kupinga. Kila mtu akaandika maelezo yake, kisha mzee akapelekwa mahabusu. Alipokuwa anapita mlangoni, Sukari alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Aliyeliona hilo ni Inspekta peke yake.

Aliuchukua mkanda uliobaki kwenye kasha, akauminya. Sehemu ya begani ilikuwa imeshonewa sponji, na juu ya sponji sponji nyingine, nene kama mto wa mtoto mchanga.

"Nani alishona hivi?"

"Fundi Gundi," Mama Bendi alisema. "Sijui alikuwa anamdekeza nani."

Jumamosi ikapambazuka bila Shangazi. Fainali haikuahirishwa. Saa tatu Mama Bendi alikata shauri: twendeni dukani, tuchague gitaa jingine, tusije tukapanda jukwaani kama kwaya ya mazishi. Inspekta naye akapanda gari lao.

"Afande, si tunatafuta mwizi?" Koplo alinong'ona.

"Mfiwa humjui msibani, Koplo. Msibani kila mtu analia. Utamjua siku anapochumbia tena."

Duka la magitaa lilikuwa refu na jembamba, magitaa yamening'inia pande zote mbili. Muuzaji aliposikia neno fainali aliruka juu ya kaunta badala ya kuizunguka. Alileta la kwanza mbio mbio: pengo moja ubavuni, kifua kinene, rangi ya asali.

Mama Bendi nusura alibusu. "Ndugu yake! Tumbo moja, ziwa moja!"

Sukari alilipokea kwa mikono miwili. Alilishika kitambo kidogo tu.

"Hapana," alisema. "Halina sauti."

Inspekta aliutazama waya wa amplifaya. Ulikuwa bado sakafuni, umejikunja kama paka. Gitaa halikuwa limeunganishwa popote. Alitafuna kimya kimya neno lile: halina sauti.

La pili lilikuwa na tumbo tupu, pana. Lilipounganishwa lilinguruma mpaka vioo vikajibu, na mpiga besi akacheza mwenyewe katikati ya duka.

"Hili! Hili!"

"Tamu," Sukari alikiri. "Lakini spika zikifunguliwa mpaka mwisho litapiga mbinja lenyewe. Tutaaibika."

Hiyo ilikuwa sababu ya fundi wa kweli. Inspekta akaipokea.

La tatu lilikuwa jembamba, lina mapembe mawili, na shingo yake imefungwa kwa skrubu nyuma. Sukari aliliinua kwa kiganja kimoja, kama mtu anayepima papai sokoni. Kabla ya uzi mmoja kuguswa, uso wake ulifunguka.

"Ni hili."

Akalivaa. Hapo ndipo Inspekta alipokaza macho. Sukari hakuupitisha mkanda juu ya bega. Aliingiza kichwa kwanza, kisha akauchomeka mkono wa kushoto kutoka chini, polepole, kama mtu anayepenya dirishani. Inspekta aliujua uvaaji ule. Mama mkwe wake alivaa gauni hivyo hivyo kila asubuhi, mwaka mzima, bega lake lilipoganda.

Kisha Sukari akapiga, na duka likawaka! Muuzaji alishika kichwa, wapita njia walijaa mlangoni, na Koplo alijikuta anatikisa kofia.

"Sauti nyembamba," Mama Bendi alisema, midomo imebinuka. "Kama mke mdogo."

Inspekta alimvuta Koplo pembeni. "Kamlete Fundi Gundi kwenye chumba cha mazoezi. Na bisibisi."

"Umempata mwizi?"

"Nimempata. Sasa jiulize: mtu ambaye bega lake haliwezi kilo tano, angeiba akafika wapi?"

Saa sita mchana wote walikuwa kwenye chumba cha mazoezi. Inspekta alikwenda moja kwa moja nyuma ya spika ya besi, ile yenye mafua, akainama, magoti yakalia. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa.

"Fungua, Koplo."

Ubao wa nyuma ulitoka. Ndani, Shangazi alikuwa amesimama wima, amezungushiwa shuka, nyuzi zake zimelegezwa.

Mama Bendi alipiga kigelegele kilichoamsha mbwa wa jirani. Inspekta alingoja kiishe.

"Mwizi wa kuuza hafuniki gitaa kwa shuka," alisema. "Wala halegezi nyuzi ili shingo isipinde. Huyu anampenda. Sukari, inua mkono wa kushoto."

"Afande..."

"Juu kabisa. Kama mtoto anayejua jibu darasani."

Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua. Ukasimama. Jasho likamtoka Sukari.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Daktari alisemaje?"

"Niache mzigo au niache bega."

"Ukaacha nini?"

"Sikuacha kitu. Nimekuwa nikimeza vidonge."

"Endelea."

"Skrubu nilizilegeza mchana, nikaacha moja. Fundi alipokwenda bombani nikamwingiza Shangazi humo, nikafunga kasha. Dakika chache tu." Alimgeukia Mama Bendi. "Sikuiba, Mama. Nilitaka asionekane mpaka fainali ipite. Akikosekana, tunachagua jingine, jepesi, na mimi nabaki. Akiwepo, neno la marehemu linanitoa. Sijui kazi nyingine. Nikishuka pale jukwaani, nashukia wapi?"

"Na Fundi Gundi alipofungwa pingu kwa ajili yako?"

"Alikuwa anajua habari za bega," Sukari alisema chini chini. "Nilimwapisha asimwambie mtu."

Watu wakamgeukia mzee. Koplo alivua kofia. "Ndiyo maana ulitunyima jibu?"

"Kiapo hakina mlango wa nyuma," Fundi Gundi alisema. Kisha akamkabili Sukari. "Nilisema Shangazi astaafu kwa ajili yako, bwana. Wewe ukaniacha nilale na kunguni. Sijakusamehe. Labda Jumatano, nikiamka vizuri. Lakini skrubu zangu kuzifungua kwa kisu cha mezani! Hilo halina Jumatano!"

Mtu mmoja alicheka. Mama Bendi hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha mpiga ngoma, Shangazi mapajani.

"Marehemu, miaka yake ya mwisho, shati nilimvalisha mimi," alisema. "Bega hilo hilo. Jukwaani anawachekea watu, nyumbani analia, nami namkanda kwa maji ya moto. Alinikataza nisiseme."

"Ulijua?" Sukari aliuliza. "Na bado neno lake ukalishika?"

"Zaidi ya neno hilo, aliniachia nini cha kushika, mwanangu?"

Inspekta alikohoa, kisha akamgeukia Sukari.

"Maelezo uliyoandika jana ni ya uongo, na mtu asiye na hatia amelala mahabusu. Jumatatu utasimama mbele ya hakimu, na Fundi naye atasema lake. Kuanzia sasa uko chini ya ulinzi." Alitazama saa. "Lakini ulinzi haukatazi kupiga gitaa. Koplo, utakaa naye hatua moja. Hata jukwaani."

"Chukua lile jembamba tulilonunua," Mama Bendi alimwambia Sukari. "Shangazi nitamshika mimi."

Basi saa tisa na nusu bendi ilipanda, na Koplo akapanda nayo, kofia kichwani, pingu kiunoni. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakampigia makofi kabla ya wote. Alijitahidi kukunja uso, lakini ngoma ilipoingia, goti lake moja lilimsaliti.

Sukari akalitwanga lile gitaa la mapembe mawili. Uwanja ukasimama.

Mstari wa mbele, Mama Bendi alikuwa amemkumbatia Shangazi. Inspekta aliketi kando yake.

"Kale kagitaa kana sauti mbaya," Mama Bendi alimwambia sikioni.

"Mbaya sana," Inspekta alikubali, huku mguu wake ukigonga chini.

Walisikiliza. Sukari alirusha kichwa nyuma, mdomo wazi.

"Lakini anacheka," Mama Bendi alisema. "Miaka miwili sijamwona akipiga huku anacheka."

Wimbo ulikaribia mwisho. Kutoka jukwaani Koplo alizigusa pingu, akauliza kwa macho: nimshushe?

Inspekta alimwonyesha kidole kimoja: wimbo mmoja bado. Watu walipolipuka kwa kelele, akaongeza cha pili.