Mforosadi wa Tumpe na Joho la Mama

Sogea hapa, ujifunike vizuri. Hadithi hii inatoka Tukuyu, na Tukuyu wakati wa kipupwe kuna baridi ya kugonganisha meno. Tete-tete-tete!

Huko anaishi Tumpe. Tumpe ana sweta la kijani, soksi zisizofanana, na mti mmoja anaoupenda sana.

Mti huo ni mforosadi. Umesimama uani, karibu na mlango wa jikoni.

Matunda yake ni madogo madogo. Yakiwa mabichi ni machachu, yanakukunjisha uso. Yakiiva ni meusi na matamu. Na yanapaka rangi ya zambarau! Yanapaka vidole. Yanapaka midomo. Yanapaka hata pua, sijui yamefikaje huko.

Baridi ikija, ndege nao wanakuja. Ni kuzumburu, wenye vishungi kichwani na mikia mirefu kupita miili yao.

Siu! Siu! Siu! Wananing'inia matawini. Wanakula huku wanasukumana.

Kwao Tumpe, ukipewa kitu unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unasema, "Ndaga." Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa.

Basi kila asubuhi Tumpe anachuma forosadi moja nyeusi. Anainama. Anapiga makofi, pa, pa, na kusema:

"Ndaga, mti, kwa tunda!
Ndaga, ndege, kwa kuja!"

Jumamosi moja, Mama alifua joho lake la kwaya. Joho jeupe, jeupe pe!

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno kanisani. Watu wangeleta mahindi, ndizi na kuku wenye kelele, wamshukuru Mungu. Na Mama angeimba mstari wa mbele kabisa.

Lakini jua la kipupwe lina maringo. Nyumba ya kina Tumpe imezungukwa na migomba mirefu, yenye majani mengi. Siku hiyo jua lilifika mahali pamoja tu: pale penye mforosadi.

Mama akafunga kamba palepale. Akaanika joho, akarudi jikoni kupika maharage.

Ndege wakaja. Siu! Siu! Siu! Wakala, wakala, wakashiba. Na ndege akishiba, unajua mwenyewe kinachofuata.

Pwa! Pwa! Pwa!

Mama alipotoka jikoni, alisimama kama mlingoti. Joho lilikuwa na madoa ya zambarau. Kifuani. Mgongoni. Hata kwenye kola!

"Jamani, joho langu!" alisema Mama. "Kesho nitavaa nini?"

Akalifua tena kwa sabuni. Faka, faka, faka! Uchafu wa ndege ukatoka. Rangi ya zambarau ikabaki palepale.

Machozi yakamlenga Mama. Alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo wake tangu mahindi yalipokuwa mafupi kama Tumpe.

Baba akaja. Akaliangalia joho, akauangalia mti.

"Mti huu umezidi," alisema Baba. "Juzi shuka, leo joho. Ninaukata."

Akachukua panga, akaketi, akaanza kulinoa kwenye jiwe. Swaa! Swaa! Swaa!

Tumpe akapiga kelele. "Baba, usiukate!"

"Mwanangu, humwoni mama yako anavyolia?"

"Ninamwona, Baba."

"Sasa?"

Tumpe akauangalia mti. Alimpenda Mama. Aliupenda mti. Aliwapenda ndege, hata kama hawana adabu.

"Baba, ukiukata, ndege watakula nini kwenye baridi hii?"

"Watatafuta kwingine," alisema Baba. Swaa! Swaa! Swaa!

Tumpe akakimbia hadi kwenye mti. Akaukumbatia. Akalia, hiii, hiii, hiii.

Alipofuta machozi, akaviona vidole vyake. Vilikuwa vya zambarau. Papo hapo akaacha kulia, maana Tumpe alikuwa na siri.

Nitakwambia, lakini usimwambie mtu. Tumpe amekatazwa kula forosadi kabla ya uji. Na kila asubuhi anakula forosadi kabla ya uji! Kisha Mama anasema, "Lete mikono niione." Na mikono ni safi kabisa.

Je, anafanyaje?

Anachuma tunda bichi, lile chachu. Analiponda. Analifikicha kwenye vidole, anasuuza kwa maji. Zambarau inatoka! Aliligundua hilo mwenyewe, siku moja akicheza.

Tumpe akaangalia panga. Akamwangalia Mama. Siri au mti?

"Mama," alisema polepole, "nikikwambia kitu, hutanigombeza?"

"Kitu gani?"

"Kwanza sema hutanigombeza."

"Haya, sitakugombeza."

Tumpe akasema yote. Akaponda tunda bichi, akafikicha kidole kimoja, akasuuza. Kidole kikawa safi.

Mama akashika kiuno. "Kumbe! Ndiyo maana uji haumaliziki!"

Lakini alikuwa ameahidi. Basi hakugombeza.

Wakaleta beseni la maji. Tumpe akaponda matunda mabichi. Mama akayafikicha kwenye doa moja dogo, pale kwenye pindo. Faka, faka, faka!

Doa likafifia. Mama akasuuza, akafikicha tena. Doa halipo!

Swaa... Baba akaacha kunoa panga.

"Hebu nione," alisema. Akaangalia pindo. Akaangalia tena. Kisha akanyoosha mikono yake mirefu, akachuma matunda mabichi ya juu kabisa.

Tumpe akaponda. Mama akafikicha. Baba akasuuza. Faka, faka, faka! Joho likawa jeupe, jeupe pe!

"Basi mti nisiukate?" aliuliza Baba.

"Thubutu!" alisema Mama.

Tumpe akarukaruka mpaka soksi moja ikamvuka mguuni.

"Lakini tutalianika wapi?" alisema Baba. "Jua liko hapa tu. Na ndege wale pale, wanatusubiri."

Kweli, walikuwa wanasubiri. Siu! Siu! Siu!

Tumpe akaangalia huku na huku. "Baba, kule upande wa pili, jua linazuiwa na nini?"

"Na majani ya migomba," alisema Baba.

Halafu akaliangalia panga lake. Lilikuwa kali sana, na halikuwa na kazi. Baba akaanza kucheka.

Akaenda upande wa pili, akapunguza majani. Cha! Cha! Cha! Jua likaingia, pwaaa, mpaka ukutani. Mama akahamisha kamba, akaanika joho mbali na ndege.

Jumapili, kanisa lilijaa mahindi, ndizi na kuku wenye kelele. Mama aliimba mstari wa mbele, na joho lake liling'aa. Tumpe alipomwona, alifurahi sana.

Kisha watoto wakaitwa wapeleke shukrani zao. Tumpe akatembea na kikapu kidogo cha forosadi nyeusi. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau, na leo hakuvificha.

Usiku baridi ikarudi. Tete-tete-tete!

Huko nje, kuzumburu walijibana kwenye tawi moja la mforosadi, kifua kwa kifua, wapate joto. Ndani, Tumpe alijibana katikati ya Mama na Baba, naye akapata joto.

"Tumpe," alisema Mama, "leo hujasema shukrani yako."

"Nina usingizi, Mama."

"Basi nitakusemea."

Mama akageukia dirisha. Akainama kidogo, akapiga makofi taratibu, pa, pa, akasema:

"Ndaga, mti, kwa tunda!
Ndaga, ndege, kwa kuja!"

Kisha akamwinamia binti yake.

"Na ndaga, Tumpe, kwa kusema ukweli."

Akambusu puani. Pua ilikuwa ya zambarau.

"Kesho, uji kwanza," alinong'ona Mama.

Lakini Tumpe alikuwa ameshalala.