Mgeni Aliyekaribishwa na Coletha

Nyumba ya Coletha haikuwa na mtu, na ilikuwa inapika.

Aliuona moshi akiwa amesimama kwenye varanda ya shule ya msingi, juu kilimani, mswaki mdomoni. Chini yake kitongoji kizima kilikuwa hoi: mabati yamejikunja juu ya migomba, kuta za tope zimeyeyuka, milango imelala matopeni. Nyumba moja tu ndiyo ilisimama na paa lake jekundu, nayo ilikuwa yake, na kila mtu aliyelala darasa la nne alikuwa ameshaambiwa hivyo, tena zaidi ya mara moja. Sasa nyuma ya paa hilo, lilipo jiko lake la nje, moshi mweupe ulipanda taratibu. Moshi wa kuni kavu, baada ya mvua ile!

"Wezi," alisema, akatema povu. "Ni hawa hawa. Mtu wa nyumba ya tope, hata umwokoe na mafuriko, atakuibia sufuria."

Tuelewane mapema: Coletha hakuwa amemwokoa mtu yeyote. Upepo ulipokuja kutoka upande wa ziwa, na mvua ya mawe nyuma yake, majirani walimkimbilia wakiwa na watoto mgongoni, kwa sababu nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ina vyumba vinne, na ndani wanakaa yeye na mumewe Nestory tu. Binti yao Goodness anasoma Shinyanga mjini, amepanga chumba mtaa wa Kambarage. Aliyetangulia kufika alikuwa Bibi Apolonia, jirani wa uzio kwa uzio, ajuza aliyelowa chapachapa. "Mama Goodness, tusitiri hapo barazani tu, mvua ipite." Coletha alimjibu kupitia dirishani, mlango hata hakuugusa.

"Nyumba yangu si stendi."

Akafunga dirisha. Basi huyo ndiye Coletha, alto wa kwaya ya kigango, mwenye rozari tatu na hakuna hata moja iliyochakaa.

Upepo ulikwisha, mvua ikaendelea. Mtendaji wa kijiji akapita na kipaza sauti akitangaza kwamba watu wote wahame. Kitongoji kile, nje kidogo ya Katoro, kimekaa juu ya maduara ya zamani, mashimo marefu ambayo wachimbaji wa dhahabu waliyachimba, wakayachoka, wakayaacha. Maji yalikuwa yameyajaza na ardhi imelegea. Duara moja lilikuwa limeshameza choo cha mtu, mlango na kufuli lake. Kila mmoja apande shuleni, akasubiri huko mpaka ardhi ikauke.

Hivyo Coletha mwenye vyumba vinne akajikuta analala sakafu moja na watu aliowafungia dirisha. Unafikiri aliona haya? Thubutu! Alichukua chaki ya mwalimu akachora mstari kuzunguka godoro lake, mtoto wa mtu asivuke. Wakimsalimu "Mwadila" kwa Kisukuma, kama watu wanavyosalimiana mchana, yeye aliitikia kwa pua. Wakila michembe, viazi vile vikavu vya kuchemsha, aligeukia ukutani, eti harufu inampandisha kichefuchefu. Neno lake lilikuwa moja tu asubuhi na jioni: "Nataka nyumba yangu." Kulikuwa na watu mle darasani ambao hawakuwa tena na nyumba ya kuitaka, nao walimsikiliza.

Nestory alikuwa akishuka kila asubuhi kuilinda nyumba. Siku ile aliteremka moshi ukiwa umeshaonekana, akarudi jioni anachokonoa meno.

"Umewakamata?" Coletha alimdaka mlangoni.

"Kina nani?"

"Wanaopika kwangu!"

Nestory alicheka. Alikuwa mwanamume mpole, wa kucheka hata anapotukanwa, na kwa mke yule alikuwa amepata mazoezi ya kutosha. "Acha utani, Mama Goodness. Si wewe uliyepika?"

"Mimi nimeshinda hapa. Waulize hawa."

"Haya, umeshinda hapa. Sema tu umenifurahisha. Miaka yote naomba michembe kwa karanga, unaniambia chakula cha washamba. Leo umenipikia kama marehemu mama! Ila nywele zako kaushe, utaugua. Nimekaa na wewe mchana kutwa zinadondosha maji tu, nikikuuliza unacheka."

Coletha alijishika kichwa. Nywele zake zilikuwa kavu chini ya kilemba. Ndipo ile harufu ikamfikia kutoka kwenye shati la mumewe, wala haikuwa ya jasho wala ya moshi. Ilikuwa ya tope jeusi la chini kabisa, linalotolewa kwenye duara lililofunikwa miaka.

"Huyo... mimi," alinong'ona, "alikwambia nini?"

"Mbona unanitisha? Ulisema nisipande tena huku, tukae kwetu."

Kule pembeni Bibi Apolonia alikuwa anavuta ugoro. Alikuwa na masikio ya sungura na mdomo wa kasuku, na kukoroma kwake kulikuwa kumewakosesha watu usingizi tangu wafike, lakini alipoliacha godoro lake akaja mpaka kwenye mstari wa chaki, darasa zima liligeuka kumtazama.

"Mama Goodness. Siku ile ya kuhama, kuna mtu alipiga hodi kwako?"

Coletha alitaka kumwambia aende zake. Badala yake akakumbuka. Alikuwa chumbani anashindilia vitenge kwenye sanduku, Nestory yuko nje mbele anawasha pikipiki, na kwenye mlango wa nyuma, upande ambao kuna duara la zamani, mtu akasema "Hodi." Sauti ya upole, ya mtu mwenye subira. Alijua ni Apolonia, amekuja kuomba apakiwe. Naye, bila kuinua kichwa, kwa ile dharau yake ya kila siku, akajibu: "Karibu, karibu! Ingia ukae, si ndicho mlichokuwa mnakitaka? Nyumba yako hiyo!" Akatokea mlango wa mbele, hakugeuka nyuma.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Mimi nilikuwa nimeshapanda huku. Hukuuliza nani?"

"Niulize ya nini?"

Apolonia alitikisa kichwa kama anayemsikitikia mbuzi. "Huku kwenye maduara, hodi ya mlango wa nyuma haiitikiwi mpaka uuone uso. Hata mtoto anayetambaa anajua. Chini kule kuna wenyewe, mwanangu. Maji yamewatoa makwao kama yalivyotutoa sisi, nao wanatafuta pa kulala. Tena wana adabu kutushinda, hawaingii kwa mtu mpaka wakaribishwe. Sasa wewe hukumkaribisha tu. Umempa."

"Ushirikina," Coletha alisema, lakini kwa sauti ndogo, na usiku ule alilala amelishika shati la mumewe.

Asubuhi alikuwa ameshika shati tupu. Nestory alikuwa ameshuka, hakuaga. Adhuhuri ikafika hajarudi, moshi unapanda, na Coletha hakuwa na la kufanya ila kujifunga kanga na kuteremka mwenyewe, akisali na kutukana kwa zamu.

Kadiri alivyokaribia ndivyo alivyosikia nyumba yake inaishi, kwanza redio, redio yake yenye spika moja iliyopasuka, kisha kinu, mtu anatwanga karanga kwa mapigo yasiyoharakisha, kisha kicheko, na kicheko hicho kilikuwa chake yeye, kile anachokitoa puani watu wakichekwa, ila hiki kilikuwa kimelainika, kina furaha ndani yake, jambo ambalo chake hakijawahi kuwa nalo, na alipofika kwenye uzio akachungulia kati ya matete alimwona Nestory amekaa kwenye kigoda, sahani mapajani, macho yamelegea kama ya mbuzi aliyeshiba, na mbele yake mwanamke ameupa uzio mgongo, amevaa kitenge cha Coletha, na nywele zinatiririsha maji mgongoni, zinatiririsha mpaka kwenye mafiga, mpaka ndani ya moto, na moto hauzimiki, wala hautoi sauti.

Mwanamke hakugeuka. Aliacha kutwanga tu.

"Mwadila, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya Coletha. "Njoo upite mbele, kama wageni wenzako."

Coletha alipanda kile kilima na ndala moja mguuni.

Sasa mtazame. Mwanamke aliyekuwa akiwacheka wote wanaokwenda kwa waganga, aliyewahi kumsema mgonjwa mbele ya kanisa kwa sababu ya hirizi, ndiye huyo aliyempigia simu mganga aitwaye Maganga, wa Buseresere, simu ya kuazima. Maganga alikuja kwa bodaboda, mtu mfupi mwenye koti la suti na mkoba wa ngozi, na hakuwa na muda wa kupoteza. Majirani wote waliteremka nyuma yao. Nani angekosa kuliona hilo?

Mganga alisimama getini. Alinusa. Alichukua udongo wa kizingitini akauonja, akautema, na hakuufungua mkoba.

"Mimi nafukuza mwizi," alisema kwa sauti ya chini. "Kitu kikiingia bila ruhusa, nakitoa. Huyu ana karibu yake. Mgeni aliyekaribishwa hutolewa na mwenye nyumba tu."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Na yeye anasema ni yeye. Sura mnayo moja. Nani atakushuhudia?" Maganga aliwageukia watu. "Nipeni mtu mmoja tu aliyewahi kukaribishwa humu na mama huyu, akaketi, akala chake. Asimame hapa aseme: aliyenilisha ni huyu. Mmoja anatosha, namtoa huyo aliye ndani leo hii."

Coletha aligeuka kwa matumaini. Watu wakatazamana.

"Mimi huwa naishia getini," mmoja alisema.

"Mimi chumvi nilipewa kwa dirisha. Na nikairudisha."

"Mimi niliitiwa mbwa."

Hawakuwa wanamkomoa. Wangetaka kumsaidia, maana jini jirani si jambo la mzaha, lakini waliitafuta siku hiyo moja, chai hiyo moja, kikombe hata cha maji, na haikuwapo. Coletha alimshika Bibi Apolonia mikono yote miwili.

"Shikamoo, bibi." Ilikuwa shikamoo yake ya kwanza kwake. "Bibi, sema hata uongo. Mume wangu yumo ndani!"

"Marahaba. Uongo, mbele ya wenyewe? Wanitie shimoni?" Apolonia alijinasua, si kwa hasira. "Ungenipa hata baraza siku ile, mwanangu. Hata baraza tu."

Maganga alikuwa ameshapanda pikipiki. "Mgeni pekee aliyewahi kukaribishwa humu," alisema, "ni huyo anayepika."

Ardhi ilikauka. Mtendaji akatoa ruhusa, watu wakabeba magodoro na kuku wao wakateremka kwenda kukaa chini ya maturubai, wanaimba kabisa. Coletha alibaki darasa la nne, ndani ya mstari wake wa chaki, anasubiri. Alisubiri mume apande. Alisubiri padri, akaambiwa yuko Ushirombo. Hatimaye wanafunzi walirudi na mwalimu akamwomba, kwa heshima, atoke.

Jioni hiyo mvua ilianza tena kunyesha. Coletha aliteremka mpaka kwenye turubai la Bibi Apolonia, akasimama nje.

"Hodi," alisema. "Bibi, ni mimi. Nisitiri."

Hapakuwa na mtu. Turubai la pili halikuwa na mtu, la tatu pia. Alisimama katikati ya njia analowa, mpaka aliposikia watu walipo. Walikuwa chini ya paa jekundu. Taa zinawaka vyumba vyote vinne, watoto wanakimbizana barazani, vijiko vinagonga sahani. Yule wa ndani hakuwa amemsahau hata mmoja.

Alikwenda akaugonga mlango wake mwenyewe kwa ngumi. "Hodi! Hodi! Bibi Apolonia, watoe watoto humo! Huyo si mtu!"

Kelele zikakatika. Dirisha lilifunguka kidogo, Apolonia akachungulia, shavu limejaa michembe. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye nywele, tone kwa tone, na alikuwa amekaa ndani tangu mchana.

"Tunajua, mwanangu," alisema taratibu. "Tulijua tangu mwanzo. Lakini paa halivuji, na ametuita kila mtu kwa jina lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nani huyo, bibi?" sauti ya Coletha iliuliza kutoka ndani.

"Anasema yeye ndiye Mama Goodness."

Wakacheka mle ndani, wakubwa kwa watoto. Nestory naye alicheka, na kicheko chake Coletha alikijua kati ya vyote.

"Mwambie," sauti ilisema, "nyumba yangu si stendi."

Na dirisha likafungwa.