Kamera Iliyotazama Ua wa Jirani

Fundi cherehani alikuwa na desturi moja: hakumpima mteja kabla ya kuvuta pazia. "Mwili wa mtu si bango," alizoea kusema.

Vitambaa vya sare vilipoibwa barazani, mumewe alifunga kamera juu ya mlango. Kwenye simu zao ilionyesha baraza, lango, na ua wote wa jirani. Mwizi hakurudi. Wakaisifu kamera, ingawa huenda mwizi alikuwa na shughuli nyingine.

Jirani alikuwa mwalimu mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mguu wake wa kushoto. Kila asubuhi alijifunza kutembea uani, akishika ukuta. Daktari alimwonya kuwa akiacha mazoezi, huenda asitembee tena.

Siku moja fundi alimsalimia dirishani, kwa moyo mweupe.

"Shikamoo, Mwalimu. Jana ulijitahidi! Ulianguka mara mbili, lakini ulifika kwenye kamba ya nguo."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye simu."

Mwalimu akafunga dirisha. Tangu siku hiyo hakutoka uani.

Wiki tatu baadaye, fundi alimpelekea gauni alilomshonea. Akamkuta kitandani.

"Simama basi tulijaribu, Mwalimu."

"Mguu umekataa."

"Si ulikuwa unatembea?"

"Nilikuwa. Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini nimesimama. Kama ni kuanguka, nilitaka nianguke peke yangu. Wateja wako unawavutia pazia. Langu liko wapi?"

Fundi alilikunja gauni, akarudi nalo nyumbani.

"Tuing'oe hiyo kamera," alimwambia mumewe.

"Tumwandikie na mwizi barua ya kumkaribisha?"

Wakamwita fundi wa kamera. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka.

"Nani aliifunga?"

"Mimi," alisema mume.

"Inaonekana."

Aliishusha, akaielekeza barazani na langoni. Kona ya ua iliyobaki pichani akaiziba kwa kiraka cheusi. Akazima na kinasa sauti.

"Linda mlango wako, usichunguze maisha ya jirani," alisema. "Picha zifute baada ya siku chache. Usizisambaze. Ukiibiwa, zipeleke polisi. Weka kibao langoni, wageni wajue kuna kamera. Na jirani mwonyesheni kinachoonekana. Msimwambie tu."

Fundi cherehani akampelekea Mwalimu simu. Mwalimu aliikagua kwa muda mrefu, kama anayesahihisha mtihani.

"Hapa peusi ndipo uani kwangu?"

"Ndipo. Nisamehe, Mwalimu. Ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza."

Akamrudishia simu. Kesho yake fundi alisikia fimbo ya Mwalimu ikigonga saruji nyuma ya ukuta. Kisha kishindo. Akaacha cherehani.

"Mwalimu! Nije?"

"Usije. Nashukuru kwa kuuliza."

Fimbo ikaanza kugonga tena.

Wiki tatu zilizopotea zilidai miezi miwili ya mazoezi. Ndipo asubuhi moja simu ya fundi ikaonyesha mtu langoni. Alikuwa Mwalimu, amesimama chini ya kibao, akikisoma mpaka mwisho.

"Hodi! Nimekuja kujaribu gauni langu."

"Karibu, Mwalimu."

Fundi akavuta pazia.