Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kabla kengele ya kiwanda haijalia, Exilda Thibodeau alikuwa amekwisha kusali na kuwasha jiko. Maharagwe ya jana yalikuwa yanachemka. Tangu familia ilipotoka Kanada kuja kufuma pamba katika mji huu wa Marekani, kengele ndiyo iliyowaamsha, na kengele ndiyo iliyowaruhusu kulala.

"Rosanna! Amka, mwanangu. Kengele haina huruma!"

"Nimeamka, Mama."

"Umeamka mdomo tu. Miguu je?"

Exilda alichukua kikombe kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, akakijaza maziwa ya moto. Kikombe hicho kilikuwa cha wifi yake, Philomène, dada wa mumewe. Philomène alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Hakuna mwingine aliyekigusa kikombe kile kwa mdomo. Exilda alikichemsha mbali na vingine, akakiweka kwenye rafu yake pekee. Kwa jambo hilo hakuwa na mzaha.

"Umeamkaje, wifi?"

"Kikohozi kimeamka kwanza, mimi nikafuata," Philomène alijibu. "Maziwa tena? Nitazaa ndama mwaka huu!"

"Zaa tu. Tutamlisha."

Wote wawili wakacheka, mpaka kicheko cha Philomène kikageuka kikohozi. Exilda akamshika mgongo, akimwomba Mungu kimoyomoyo.

Philomène alipougua, mitambo yake minne ya kufumia kule kiwandani alipewa Rosanna. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alimfundisha kazi mwenyewe, kwa fahari kubwa.

Katika kila mtambo kulikuwa na kifaa cha mti chenye umbo la mtumbwi mdogo. Wafumaji walikiita hivyo hivyo, mtumbwi. Ndani yake hukaa bobini, kijiti kilichozungushiwa uzi. Mtumbwi hupita mbio kulia na kushoto, ukiacha uzi nyuma yake, na kitambaa hukua. Uzi ukiisha, mfumaji huweka bobini mpya. Kisha hupeleka mdomo kwenye tundu dogo ubavuni mwa mtumbwi, akavuta pumzi, fyuu! Uzi ukatokea. Wafumaji waliita kazi hiyo kubusu mtumbwi. Exilda alibusu zaidi ya mara mia kwa siku, na chumba kizima hakikuwa na mwenye kasi kama yeye.

"Kaza midomo," alimfundisha Rosanna. "Kama unayepuliza supu, ila unavuta."

Wiki ya pili, Rosanna akaanza kukohoa kidogo. "Ni vumbi la pamba tu, Mama," alisema. Exilda aliitikia, lakini usiku ule alisali rozari nzima akiwa amepiga magoti.

Jumamosi mchana, kiwanda kilipofungwa, alikuja muuguzi wa mji, Bi Corinne Lavallée. Alimpima Philomène, akafungua dirisha, akahimiza mayai na mapumziko. Kisha akaona kile kikombe.

"Huu uzi mwekundu ni wa nini?"

"Ili mtu asikosee," Exilda alisema. "Hapa hatuchangii kikombe na mgonjwa."

"Hongera, mama. Natamani kila nyumba ingekuwa kama hii." Muuguzi akakaa mezani. "Na mitambo yake, nani ameichukua?"

"Binti yangu, huyu hapa."

"Mtumbwi anaujazaje uzi?"

"Kama sisi sote. Anaubusu."

 Bi Corinne alikishika kile kikombe, akakiweka taratibu mbele ya Exilda. Exilda akakitazama. 

"Yesu wangu," alisema. "Nyumbani namficha binti yangu kikombe. Kule kiwandani nampa mitumbwi ile ile aliyoibusu shangazi yake."

"Hukujua," muuguzi alisema kwa upole. "Sikiliza nikueleze. Kifua kikuu huenea zaidi kwa hewa, mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Na kiwandani madirisha hufungwa ili uzi usikauke na kukatika. Lakini mate nayo hubeba magonjwa mengi ya koo na kifua. Tena ukivuta uzi kwa pumzi, unavuta na vumbi la pamba na mafuta ya mashine. Mapafu hayakuumbwa kula pamba."

"Marehemu mama yangu alifuma nyumbani maisha yake yote," Exilda alisema. "Hakubusu kitu. Uzi aliupitisha kwa vidole."

"Alikuwa na mtambo mmoja, na hakuna aliyemkimbiza. Wewe una minane. Mashine zilileta haraka, na haraka ikaleta busu hilo."

Ovide, mumewe Exilda, alikuwa fundi wa mitambo pale kiwandani. Alikuwa ameketi pembeni na kiko chake. Sasa akasema, "Nimesikia kuna mitumbwi mipya yenye mkato ubavuni. Uzi unaingia kwa kidole. Wakubwa wanasema ya zamani bado haijaisha."

"Basi tusiingoje," alisema muuguzi. "Tafuteni kitu chembamba cha kuvutia uzi."

Exilda aliinuka. Kwenye kikapu kulikuwa na lesi aliyokuwa akiifuma kwa ajili ya altare ya kanisa. Alichomoa kulabu yake nyembamba ya chuma, akaitazama. "Bwana atanisamehe," alisema. "Lesi yake itasubiri."

Jumapili baada ya misa, Ovide alileta mtumbwi uliochakaa. Mama na binti walifanya mazoezi mezani. Mara ya kwanza uzi ulikatika. Mara ya pili kulabu ilimchoma Exilda kidole.

"Mama, bingwa wa busu!" Rosanna alimtania.

"Nyamaza, vuta uzi wako."

Jumatatu asubuhi Rosanna, kama mama yake, alikuwa na kulabu mfukoni. Lakini mazoea hayaondoki kwa siku moja. Uzi ulipokwisha, bila kufikiri, aliinua mtumbwi kuelekea mdomoni. Exilda alimwona kutoka upande wa pili wa chumba. Mitambo mia tano ilikuwa inanguruma. Pale watu husemezana kwa kusomana midomo, lakini Rosanna alikuwa ameinamisha macho. Exilda akafanya jambo ambalo mfumaji hafanyi. Aliiacha mitambo yake ikitembea, akakimbia, akaunyakua ule mtumbwi.

Nyuma yake uzi ulikatika na kitambaa kikaharibika. Msimamizi, Bwana Pilling, alikuja mbio akiwa mwekundu usoni.

"Mama Thibodeau! Umerukwa na akili?"

"Kata bei ya kitambaa hicho kwenye mshahara wangu, bwana. Lakini kuanzia leo hatubusu tena. Tutavuta uzi kwa kulabu."

"Kwa kulabu? Hapa si jikoni kwa bibi yako! Utachelewa."

"Nipe wiki mbili. Nikichelewa, nifukuze."

Wiki ya kwanza alichelewa kweli, na wenzake wakamcheka. Wiki ya pili kulabu iliingia na kutoka kama ulimi wa kinyonga. Bwana Pilling alisimama nyuma yake na saa mkononi, akahesabu, akaguna, akaenda zake. Kesho yake wafumaji saba walikuja na kulabu. Miaka michache baadaye, sheria ya jimbo ikakataza mitumbwi ya kuvuta kwa mdomo, na ile yenye mkato ikaenea viwandani.

Mwaka ule Bi Corinne alimpima Rosanna mara tatu. Mapafu yake yalikuwa safi, na kikohozi kiliisha. Philomène alikaa dirishani majira mawili ya baridi, amefunikwa mablanketi, akinywa maziwa na kulalamika. Theluji ya pili ilipoyeyuka, muuguzi alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu. Mwisho akatabasamu.

"Mshukuruni Mungu. Amepona."

 Exilda alichukua kikombe rafuni, akachukua mkasi, akaukata ule uzi mwekundu. Kisha akakitundika kikombe pamoja na vingine.

"Sasa nitajuaje kilicho changu?" Philomène aliuliza.

"Hutajua, wifi," alisema Exilda, akipangusa machozi kwa aproni. "Vyote ni vyako."