Ijumaa ya Kuvuja

Kila siku masomo yalipokwisha, Tochi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akapita lango la chuo cha jamii, akazunguka nyuma ya jengo la ofisi hadi kwenye karakana ya mabomba, alikofundisha baba yake. Humo alikuwa na kiti chake, ndoo tupu ya rangi iliyopinduliwa, na hapo alifanya kazi zake za shule huku akisikiliza kelele za nyundo na vicheko vya wanachuo.

Jina la Tochi alipewa na baba. Tangu akiwa mdogo alimshikia tochi kila baba alipoingia chini ya sinki kutengeneza mabomba, na hakuwahi hata mara moja kumulika pembeni. Hata vifaa vya kufundishia alisaidia kuvitengeneza. Kulikuwa na koki iliyokatwa katikati ili wanachuo waone kinachotokea ndani yake inapofunguliwa. Baba aliikata, lakini Tochi ndiye aliyezipaka sehemu zake nyekundu, buluu na njano, mpaka mama yake akauliza kama ametengeneza koki au amejipamba kucha.

Kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa ukuta wa mazoezi. Ulisimama peke yake katikati ya karakana, na kila mwanachuo alikuwa na sehemu yake ya kufunga mabomba. Kila Ijumaa mchana, mmoja mmoja walisimama mbele ya wenzao wakasema wameweza nini wiki hiyo na bado wanaogopa nini. Kisha maji yakafunguliwa. Palipovuja, aliyefunga alipaswa kupaonyesha yeye mwenyewe kwa kidole na kusema pamevuja kwa nini, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Wenyewe waliiita Ijumaa ya Kuvuja. Walitaniana kweli, lakini hakuna aliyelala vizuri usiku wa Alhamisi.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka alipokuja Spana.

Spana alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Aliitwa hivyo kwa sababu siku ya kwanza tu alifika chuoni na spana yake mwenyewe kiunoni. Alikuwa mwepesi wa kushika mambo, na haukupita muda mrefu akawapita hata waliomtangulia. Baba hakuwa na habari nyingine mezani.

"Leo Spana kafunga kona zake zote za bomba, hata tone halikutoka!" alisema jioni moja.

"Huyo Spana nimtengee na sahani kabisa?" mama alimtania.

"Mimi leo nimepata tisini kwenye hesabu," alisema Tochi.

"Vizuri sana, mwanangu," baba akajibu. "Sasa huyo Spana, nilipomuuliza kuhusu mteremko wa bomba la maji machafu..."

Tochi aliacha kula. Roho ilimuuma kama mtu aliyepigwa. Tisini nzima ilipata maneno matatu, na kona za Spana zikapewa jioni yote!

Jumatano mambo yakazidi. Alipofika karakana alimkuta baba amelala chali chini ya sinki la mazoezi, na aliyemshikia tochi alikuwa Spana, tena amekaa juu ya ndoo ya Tochi.

"Umefika, mwanangu? Ngoja kidogo, tunamaliza," alisema baba kutoka chini.

Tunamaliza, eti! Tochi alijibanza mlangoni, akanuna mpaka wakati wa kurudi nyumbani. Alimchukia Spana, alizichukia na kona zake.

Siku iliyofuata baba aliwakusanya wanachuo wake. "Kesho atakuja fundi mkuu wa jengo jipya la hospitali. Atachagua mmoja wenu, mmoja tu, akajifunze kazini kwa mshahara. Fungeni kazi zenu vizuri."

Wote waligeuka kumtazama Spana. Yeye aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Mungu akinijalia, nitamwachisha mama kufua nguo za watu." Tochi aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa.

Jioni, wanachuo walipoondoka na baba alipokwenda ofisini, Tochi alibaki peke yake. Alichukua spana, akafungua nati moja katika sehemu ya Spana, akatoa kile kipande cha mpira cha duara ambacho mafundi hukiita washa, na ambacho kazi yake ni kuzuia maji yasipenye kwenye kiungo. Akairudisha nati mahali pake, akakaza. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Washa aliitia mfukoni mwa sare yake, akaenda nyumbani.

Fundi mkuu aliyefika Ijumaa alikuwa mzee mnene asiyependa maneno mengi. Zamu ya Spana ilipofika, alisimama mbele ya ukuta akipangusa mikono.

"Wiki hii nimeweza kupinda bomba bila kulibonyeza. Bado ninaogopa kusema mbele ya watu, kama hivi." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, akafungua maji.

Maji yaliruka kutoka kwenye kiungo, yakamlowesha fundi mkuu viatu na suruali.

Spana aliyafunga haraka. Akafungua nati, akachungulia ndani, akanyoosha kidole.

"Hapa pamevuja kwa sababu hakuna washa," alisema. "Nilidhani nimeiweka. Nadhani nilisahau."

"Hilo ni kosa la siku ya kwanza," alisema fundi mkuu. "Hospitali nzima italowa. Mwingine!"

Tochi alimtazama Spana na kungojea furaha yake. Haikuja. Spana alikuwa amepiga magoti anakausha sakafu huku akifuta machozi kwa bega, akasogea hadi kwenye ile ndoo aliyokalia Tochi.

"Inua miguu, mdogo wangu, usije ukalowa," alisema.

Tochi hakuweza tena kuvumilia. Aliinuka, akatembea mpaka kwenye ukuta, akanyoosha kidole.

"Hapa pamevuja kwa sababu mimi nilitoa washa jana," alisema, akaitoa mfukoni na kuiweka mezani. "Dada Spana hakusahau kitu."

Baba alimkazia macho.

"Hujamaliza," alisema. "Uliitoa kwa nini?"

"Wivu, baba." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Zamani nilikushikia tochi mimi peke yangu. Dada Spana, nisamehe."

"Nimekasirika sana," Spana akamjibu. "Sitakudanganya. Lakini umesema mwenyewe, na hilo si rahisi." Akaichukua washa, akairudisha mahali pake, akakaza nati.

Fundi mkuu alirudi, viatu vikilia maji. "Fungua tena," aliamuru. Maji yakapita. Alipapasa kila kiungo kwa kidole, akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu. "Binti, ungeweza kusema umehujumiwa, na ingekuwa kweli. Wewe ulijitafuta kosa kwanza. Jumatatu asubuhi njoo kazini, na usichelewe."

Watu walipotawanyika, baba alikaa sakafuni karibu na ndoo.

"Kosa moja ni langu," alisema. "Nimemsifu mwanafunzi wangu nikamsahau mwanangu. Ungeniambia, ningejirekebisha. Kuona wivu si dhambi, kila mtu huona. Lakini wewe uliuficha, ukamharibia mtu ambaye hajakukosea, ukataka kuwanyima chakula yeye na mama yake. Kumwangusha mwenzako hakukuongezei ujuzi, wala hakukuongezei baba. Siku nyingine roho ikikuuma, sema mapema, kama tunavyosema hapa kila Ijumaa. Na kuanzia leo hadi muhula uishe, sakafu hii utaikausha wewe."

"Ndiyo, baba."

Baba aliingia chini ya sinki kufungua mabomba ya mazoezi. Spana aliokota tochi, akasita, kisha akampa Tochi.

"Shika wewe," alisema. "Mimi kila siku naambiwa namulika pembeni."

Tochi alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akaishika kwa mikono miwili.

"Aa!" ilisikika sauti ya baba kutoka chini. "Sasa naona."