Nimeomba Msamaha

Javan Odera alikutwa asubuhi ameinamia kibodi, mkono mmoja ungali juu ya kipanya, kisogo kimepasuliwa. Kompyuta ilikuwa inawaka. Droo ya pesa ilikuwa imefungwa na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

Saiba yake, duka la huduma za kompyuta na intaneti, ilikuwa chumba kimoja mtaani Mbotela, kando ya duka la vitambaa la Hibaq. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake: TUNALIPA USHURU NA FAINI ZA SERIKALI. Wateja walimpa pesa taslimu, yeye akatoa nambari ya malipo kwenye kompyuta, kisha akazituma serikalini kwa simu yake. Mtaa mzima ulimwita Javan wa Ushuru.

Inspekta Perez Aloo alipofika alikuta umati mkubwa na mtu mmoja tu anayelia. Waliobaki walikuwa wamekuja kudai.

"Afande, hizo kompyuta zisitoke hapa," alisema Patrobas, dereva wa lori aliyejifanya msemaji wa wote. "Huyu jamaa amekula pesa zetu. Tulimpa za faini, na faini bado ziko vile vile."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Njiani, natoka Voi na mzigo. Nimeingia saa hizi. Uliza kampuni."

"Nitauliza. Na wewe heshimu maiti."

"Maiti ya mwizi, afande?"

Perez alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alimwagiza Sajini Matheka awasukume wote nyuma ya utepe, na Patrobas asukumwe zaidi kidogo.

Aliyekuwa akilia ni Jacklyne, mke wa marehemu. Alikaa juu ya kreti ya soda, mguuni kavaa kandambili mbili zisizofanana. Akamshika Perez mkono wa koti.

"Dada, nani amemuua utaniambia baadaye. Kwanza niambie kama alikula pesa za watu."

"Bado sijui, mama."

"Nimepita nikiomba mchango wa mazishi, hakuna aliyetoa. Jirani yangu wa mlango kwa mlango ameniambia nitumie zile alizoiba. Watoto wetu wanasoma shule ya hapa hapa. Sasa nitamzika kama mwizi?"

Perez aliliandika swali hilo daftarini. Alikuwa ameona wajane wengi, lakini wote waliuliza habari za muuaji. Huyu alikuwa anauliza habari za mumewe.

Ndani, mpigapicha wa polisi alikuwa ameshamaliza kazi. Matheka akaonyesha ukingo wa meza. Palikuwa na doa jeusi, na ndani yake nusu ya alama ya kidole gumba.

"Grisi?" Matheka aliuliza.

Perez akainama na kunusa. "Rangi ya viatu."

"Basi tutafute mpiga viatu rangi."

"Tutafute kwanza aliyesikia kitu."

Aliyesikia alikuwa Hibaq. Ukuta kati ya duka lake na saiba ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Hata akipiga chafya namsikia," alisema. "Jana jioni nilikuwa nafunga. Mzee mmoja akaingia kwake. Akauliza, 'Pesa yangu iko wapi?' Hakupaza sauti."

"Javan akajibu nini?"

"Akamwambia, 'Mzee, nimeomba msamaha. Nimeomba msamaha, tungoje tu.' Nikasema afadhali, wataelewana. Nikaenda zangu nyumbani." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ningebaki kidogo tu."

"Huyo mzee ulimwona?"

"Mgongo. Koti kuukuu, na vumbi jingi mabegani."

Walipotoka, Matheka alifunga daftari lake. "Imejijibu, afande. Alikula, akabanwa, akaomba msamaha, akauawa."

Perez pia aliamini hivyo. Alimpita Jacklyne pale kwenye kreti bila kumtazama, na akajiona mwoga.

Katika chumba cha maiti, Daktari Ndindi aliwaonyesha jeraha.

"Pigo moja, kutoka nyuma. Si shoka. Makali yalikuja yamelala kwa upana, kama ya jembe dogo sana. Na ndani nimetoa vibanzi vya mbao, pamoja na rangi nyeusi."

Matheka akacheka kwa mshangao, kisha akajirudi.

"Tezo," alisema. "Kishoka cha mchongaji wa vinyago. Afande, mimi ni wa Wamunyu, kwetu ndiyo kazi. Mbao nyeupe unaipaka rangi ya viatu, mtalii anainunua akijua ni mpingo."

"Na unalitoboa hilo mbele ya ofisa wa upelelezi?"

"Ni wajomba, afande. Mimi niliajiriwa."

Sasa walitafuta mchongaji aliyempa Javan pesa za faini. Perez akaenda katika ofisi ya ushuru, akaelekezwa kwa karani aitwaye Sagal.

"Javan wa Mbotela?" Sagal alisema. "Kila wiki yuko hapa ananisumbua kwa ajili ya wateja wake. Leo nimempigia simu, hashiki."

"Ameuawa."

Sagal aliiweka simu yake chini. Perez akamuuliza kama kati ya wateja hao kuna mchongaji.

"Yuko mmoja. Mzee Musau, wa mtaa wa Huruma. Ndiye niliyekuwa nampigia Javan kwa ajili yake."

"Pesa za Musau zilifika kwenu?"

"Zilifika zote. Za Musau, na za kila mtu aliyemleta."

Perez akavuta kiti na kuketi. "Mbona faini zao bado ziko?"

"Kwa sababu kuna njia mbili za kulipa," Sagal alieleza. "Unaweza kulipa ushuru, faini na riba, vyote pamoja. Au, katika kipindi hiki maalum, unalipa ushuru wenyewe mpaka uishe, halafu unaiomba serikali msamaha wa faini na riba. Javan aliwachagulia njia ya pili kwa sababu ni nafuu kwao. Lakini mpaka msamaha ukubaliwe, faini hazifutwi. Ukiangalia kwenye kompyuta utaziona pale pale."

"Na wa Musau?"

"Uliombwa mwezi uliopita. Umekubaliwa leo asubuhi."

Perez akapiga simu dukani kwa Hibaq hapo hapo.

"Hibaq, fikiri vizuri. Javan alisema 'naomba msamaha', au 'nimeomba'?"

"Nimeomba," Hibaq alijibu mara moja. "Hata nilishangaa. Nikajiuliza, ameomba saa ngapi na huyu mzee ameingia sasa hivi?"

Perez alikata simu. Safari hii hakuona furaha ya kumkaribia muuaji.

Walimkuta Musau mtaani Huruma, chini ya ghorofa alimopanga, katika kibanda kilichojaa twiga wasio na masikio. Hakuwa anachonga. Alikuwa ameketi tu, vidole vyake vyeusi vimelala magotini. Matheka alimsalimu kwa Kikamba, naye akaitikia vizuri. Tezo ilikuwa imeoshwa, lakini pale chuma kinaposhikana na mpini damu ilikuwa imeganda.

Kituoni, kidole gumba chake kililingana na kile cha mezani.

"Mzee Musau, hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Serikali iliamuru benki ifunge akaunti yangu mpaka nilipe. Ndani kuna pesa za vinyago vya mwaka mzima. Za kulipa ushuru sikuwa nazo nje."

"Za kumpa Javan ulizitoa wapi?"

"Niliweka shamba rehani, nyumbani. Kwa jirani, Mwanzia. Tulipatana akaunti ikifunguka namrudishia. Isipofunguka ifikapo Ijumaa, shamba ni lake, analima."

"Ni shamba kubwa?"

"Dogo. Kaburi la mama yangu limo. Mwanzia analima kwa trekta."

Kalamu ya Matheka ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Jana ilikuwaje?"

"Kijana wa saiba ya kwetu Huruma aliniangalizia. Akasema, 'Mzee, faini iko yote, hapo umechezwa.' Nikatoka na koti la kazi nilivyokuwa, tezo iko mfukoni. Sikuibeba kwa kuua. Natembea nayo siku zote."

"Ukamuuliza Javan."

"Nikamuuliza. Akasema ameomba msamaha, tungoje. Hata haya hakuona. Umekula kaburi la mama yangu, halafu unaniambia umeomba msamaha? Akanipa mgongo, akaanza kubonyeza mashine yake kana kwamba sipo. Nikampiga."

"Alikuwa anakufungulia ukurasa uone."

"Nione nini?"

Perez alikuwa amesikiliza maungamo mengi kwa uso mkavu. Hili alitamani lisikilizwe na mtu mwingine.

"Hakuwa anakuomba wewe, mzee. Ushuru wako aliulipa wote. Aliyeombwa msamaha ni serikali, ikufutie faini. Alikuombea wewe."

Musau alimtazama, kisha akamtazama Matheka, akitafuta ni nani kati yao anayemtania.

"Mbona hakusema ameniombea?"

"Sijui. Labda alidhani unajua."

"Na wakamjibu?"

"Leo asubuhi. Faini imefutwa. Akaunti itafunguliwa kabla ya Ijumaa."

Mzee akaufunika uso kwa viganja, na rangi ya viatu ikampaka mashavuni. Alilia bila sauti kwa muda mrefu. Hatimaye akaomba mambo mawili. Mkewe, Kathini, aambiwe akomboe shamba. Na mke wa yule kijana aambiwe kwamba Musau anaomba msamaha.

Jioni Perez alirudi Mbotela. Jacklyne alikuwa bado nje ya saiba, na watu walikuwa bado wamemzunguka, kila mmoja akizilinda kompyuta zisihamishwe.

"Alikula?" Jacklyne aliuliza.

"Hakula hata senti moja."

"Waambie wao."

Perez akawaambia. Aliwaeleza kwa sauti ya gwaride habari za ushuru, faini, na msamaha walioombewa wasijue. Patrobas alivua kofia, akaweka noti ndani, akampa aliyesimama karibu naye. Kofia ikaanza kuzunguka, na watu wakaitazama hiyo kofia kwa sababu kumtazama Jacklyne ilikuwa vigumu.

Perez akachutama karibu na kreti.

"Tumemshika aliyemuua. Ni mzee mmoja kati ya hao aliowaombea. Amenituma nikuambie anaomba msamaha."

Jacklyne aliinua macho kwenye yale maandishi ya juu ya mlango.

"Ule wa serikali ulichukua muda gani kujibiwa?"

"Mwezi na zaidi."

"Basi naye angoje."