Tompoes za Siku ya Babu

Wietske alikuwa akipaka kastadi juu ya tabaka la chini la tompoes, keki ndogo za vipande za siku ya kuzaliwa ya Babu, mama yake alipouliza, "Kastadi ililala kwenye friji?"

"Ndiyo, Mama."

Haikulala huko. Jana aliiacha kando ya jiko, akaenda kucheza, akaikumbuka asubuhi. Aliinusa, hakusikia harufu mbaya. Akaifunika kwa tabaka la juu na sukari ya rangi ya waridi.

Alasiri wageni waliketi kwenye duara la viti sebuleni, kila mtu na kahawa na tompoes yake moja. Kila aliyeingia alimpongeza Babu, kisha, kama ilivyo desturi yao, akawapongeza wote waliokuwapo.

"Moja tu?" Babu alinung'unika. "Kutimiza miaka themanini na kulishwa kama mgeni!"

Shangazi Trijn akampa yake. "Kula, mzee. Ukipasuka, tutakushona."

Kabla ya chakula cha jioni, Babu na wengine watano walikuwa wakitapika. Babu alipelekwa hospitali.

"Ni samaki wa Hilkje tu!" alisema Shangazi. Bibi Hilkje, jirani, alikuwa ameleta samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kesho yake mtaa mzima ulisema hivyo. Wietske alinyamaza. Siku iliyofuata, kutoka dirishani, alimwona Bibi Hilkje akiwatupa samaki wake wote kwenye pipa, akifuta macho kwa mkono wa sweta.

Ndipo akamweleza mama yake.

Walianza kuomba radhi kwa Bibi Hilkje. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kuwakaribisha ndani.

"Siku mbili, mtoto," alisema. "Siku mbili watu wananipita kama sijaoga. Nawe ulikuwa ukinichungulia dirishani." Akafunga mlango taratibu.

Wietske akalia. Mama hakumbembeleza.

"Babu atarudi Alhamisi, amepata nafuu," alisema. "Kusahau kastadi ni kosa la mtoto yeyote. Lakini uliponidanganya, watu wakaugua. Uliponyamaza, Hilkje akabeba aibu yako. Hatuwezi kumlazimisha atusamehe. Tunachoweza ni kuwaambia wote walioketi kwenye lile duara."

Walikuwa wamebisha hodi nyumba nne saa ya kanisa ilipogonga saa kumi na mbili jioni. Watu walikuwa wameketi mezani kwa chakula cha jioni. Kwao, huo si wakati wa kugonga mlango wa mtu.

"Zimebaki tano," Mama alisema. "Kesho ukitoka shule. Na utasema wewe, si mimi."